Professor Longhair: mpiga piano aliyefagia duka huku nyimbo zake zikichezwa mtaani

"Hiyo rumba ni ya wapi? Mbona sijawahi kuisikia?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya studio Jumamosi iliyopita, dakika chache baada ya kupiga wimbo unaoitwa "Tipitina" katika kipindi chetu cha muziki wa zamani. Aliyeutuma alisema yuko njiani kutoka shambani, redio ya simu ikiwa mfukoni. Wengine wakafuata. Mmoja aliuliza kama anayeimba amelewa. Mwingine alisema mdundo ni mtamu, lakini ile ni lugha gani?

Tuliahidi hewani kwamba tutaandika, na makala hii ndiyo jibu letu. Kwa kifupi, ule si wimbo wa rumba. Ni bluzi ya mji wa New Orleans nchini Marekani, iliyorekodiwa mwaka 1953, na aliyepiga piano na kuimba anaitwa Professor Longhair. Lakini msikilizaji wetu aliyesikia rumba mle ndani hakukosea. Sikio lake lilishika jambo ambalo wataalamu wa muziki wameandika habari zake kwa miaka mingi.

Alikuwa nani?

Jina lake halisi ni Henry Roeland Byrd. Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1918 katika mji mdogo wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, akakulia New Orleans. Huo ni mji wa bandari, karibu na mahali Mto Mississippi unapoingia baharini. Meli za Cuba na visiwa vya Karibi zimekuwa zikitia nanga pale tangu zamani, na pamoja na mizigo zilishusha nyimbo.

Alikulia katika umaskini, enzi za sheria za kuwabagua watu weusi. Akiwa kijana alicheza mitaani dansi ya kugonga viatu, wapita njia wakimtupia sarafu. Kwa hiyo miguu yake ilijua mdundo kabla ya vidole. Piano alijifunzia kwenye kinanda kibovu kilichotupwa, ambacho baadhi ya vibao vyake havikutoa sauti tena. Ukitaka kupiga wimbo kwenye chombo cha namna hiyo, lazima utafute njia ya kuzunguka vibao vilivyokufa, na vilivyo hai uvipige kwa nguvu. Ukimsikiliza baadaye, akiwa mbele ya piano nzima kabisa, bado utamsikia akivigonga vibao kama mtu anayebisha hodi.

Jina la kisanii alilipata mwaka 1949, alipokuwa akipiga katika baa moja iliyoitwa Caldonia. Mwenye baa ndiye aliyempa. "Longhair" maana yake ni mwenye nywele ndefu. "Professor" lilikuwa jina la heshima ambalo wapiga piano wa mji ule walipewa, kama sisi tunavyomwita mtu "fundi" au "mwalimu" bila kumuuliza cheti. Waliomzoea walilikata likawa "Fess".

Namna ya kumsikiliza

Kwanza, ushauri wa kiufundi. Spika ndogo ya simu haitoi besi vizuri, hata ukiiweka simu ndani ya bakuli. Tafuta spika za masikioni, za kuazima pia zinafaa, kwa sababu nusu ya muziki wa mzee huyu iko chini kabisa, kwenye mkono wa kushoto.

Tuanze na mkono huo. Hesabu polepole moja mpaka nane, kisha urudie bila kusimama. Piga kofi kwenye moja, nne na saba tu:

MOJA, mbili, tatu, NNE, tano, sita, SABA, nane.

Endelea hivyo kwa dakika moja. Utaona mwili unaanza kuyumba wenyewe, kwa sababu makofi hayagawanyiki sawasawa: hatua tatu, hatua tatu, halafu mbili. Huo ndio mdundo ambao mkono wa kushoto wa Fess unaupenda kuliko yote. Wapiga piano wengi wa bluzi wa wakati wake walikuwa na besi inayotembea sawasawa, kama treni. Yeye aliichukua besi hiyo akaifundisha kukata kiuno.

Sasa mkono wa kulia. Huu unapiga bluzi. Bluzi ni muziki uliozaliwa kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, na alama yake kubwa ni zile sauti zinazopinda. Mwimbaji au mpiga gitaa wa bluzi huivuta sauti, isiwe ya juu wala ya chini, ibaki ikilia katikati. Piano haiwezi kuvuta sauti hivyo, maana kila kibao kina sauti yake moja tu. Kwa hiyo mpiga piano wa bluzi hudanganya sikio: hukwaruza kibao kimoja na kuteleza haraka kwenye jirani yake, na wewe unasikia kama sauti imepinda. Fess alikuwa bingwa wa kuteleza huko. Halafu ghafla vidole vyake vinabiringika, noti tatu tatu kwa kasi, kama mawe madogo yanayoporomoka kilimani, kisha vinatua palepale ambapo mkono wa kushoto unavisubiri.

Jambo la tatu ni mguu. Alikuwa akiipiga teke piano kwa chini huku akicheza, kama mtu anayepiga dramu. Wenye piano hawakufurahi. Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya santuri ya Atlantic, alisimulia kwamba alipokwenda kumtafuta kwa mara ya kwanza, alisikia akiwa nje muziki mzito na kudhani ni bendi nzima. Alipoingia ndani akamkuta mtu mmoja.

Na la nne ni sauti. Hapa tunamjibu yule aliyeuliza kuhusu ulevi. Hapana, ndivyo alivyoimba. Sauti yake inakwaruza, inapasuka, inaruka juu kama ya kijana anayebalehe, kisha inarudi chini. Na maneno ya "Tipitina" ni magumu hata kwa Waamerika wenyewe, kwa sababu mengi hayana maana yoyote. Ni silabi za kuchezea ulimi. Wasikilizaji wetu mnalijua jambo hilo: katika nyimbo zetu za kubembeleza watoto na za michezo ya mbalamwezi kuna maneno ambayo hakuna mzee anayeweza kuyafasiri, na hakuna anayetaka yaondolewe.

Rumba yake na rumba yetu

Turudi kwa aliyeuliza "hiyo rumba ni ya wapi".

Mwaka 1930 wimbo wa Cuba uitwao "El Manicero", yaani muuza karanga, ulirekodiwa mjini New York na kuuzwa sana. Baada ya hapo muziki wa Cuba, ambao duniani uliitwa rumba, ulisambaa kila upande. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Cuba za mfululizo uliojulikana kama GV zilianza kuuzwa Afrika. Zilifika Kongo, ambako vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walizisikia na kutambua mdundo wa nyumbani uliokuwa umepelekwa ng'ambo na watumwa. Zilifika pia katika miji ya Afrika Mashariki, na bendi zetu za dansi zikanywa kutoka kisima hichohicho.

Maji hayohayo yalikuwa yakifika New Orleans kwa njia fupi zaidi. Fess aliyachanganya na bluzi, na mwenyewe alipenda kueleza kwamba muziki wake una rumba, mambo na kalipso ndani yake. Hivyo muziki wake si mtoto wa rumba ya Kongo, wala rumba ya Kongo si mtoto wake. Ni binamu. Wana babu mmoja, na babu huyo alivuka bahari akiwa na minyororo.

Kuna jambo jingine linalomuunga na upande wetu, nalo ni la kuchekesha kidogo. Katika miaka yake ya mwisho, mpiga tumba wake alikuwa Alfred Roberts, ambaye jina lake la kisanii lilikuwa "Uganda". Hakuwa Mganda, alikuwa mtu wa New Orleans. Lakini msikilize kwenye santuri ya "Crawfish Fiesta", tumba zake zikijibizana na mkono wa kushoto wa mzee, uone kama utaweza kukaa kitini.

Kutoka bluzi hadi fanki

Fanki ni muziki ambao kila chombo ndani yake kimekuwa ngoma. Gitaa halibembelezi, linakata. Besi haitembei, inaruka. Wengi wetu tunaifahamu fanki kupitia James Brown. Lakini New Orleans ilikuwa na njia yake ya kufika huko, na njia hiyo ilipita juu ya piano ya Fess.

Sikiliza "Big Chief", uliorekodiwa mwaka 1964. Mtunzi wake, Earl King, ndiye anayeimba na kupiga mluzi. Smokey Johnson yuko kwenye dramu. Piano inaanza peke yake, mikono yote miwili ikifukuzana, na kabla hujaelewa nani anamfukuza mwenzake, dramu zinaingia. Baada ya hapo si bluzi tena ya kukaa na kusikitika. Miaka michache baadaye kundi la The Meters, likiongozwa na mpiga kinanda Art Neville aliyekulia katika muziki wa Fess, likaifanya fanki ya New Orleans ijulikane duniani. Allen Toussaint na Dr. John, wapiga piano wakubwa wa mji huo, wote wawili walisema wazi kwamba mwalimu wao ni yeye.

Ufagio

Mwaka 1950 Fess alipata wimbo mmoja uliovuma Marekani nzima, "Bald Head", uliofika nafasi ya tano katika orodha ya muziki wa watu weusi. Hakupata mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1959 alirekodi "Go to the Mardi Gras". Mardi Gras ni kanivali ya New Orleans, ambayo kilele chake ni Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresima. Wimbo huo ukawa kama wimbo wa taifa wa sikukuu hiyo. Kila mwaka, msimu ukifika, unapigwa redioni, kwenye baa na mitaani.

Lakini mwenye wimbo hakuwa barabarani na wanaocheza. Katika miaka ya 1960 vijana walihamia kwenye muziki mwingine, na kazi za kupiga kwenye baa zikapungua. Fedha za santuri zilizomfikia zilikuwa kidogo. Aliishi kwa kucheza karata za fedha na kwa vibarua. Mwishoni mwa miaka hiyo alikuwa mgonjwa, amedhoofika, na alikuwa akifagia katika duka moja la santuri mjini humo. Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Duka liliuza santuri, na mtu aliyeufundisha mji kupiga piano alikuwa akisafisha sakafu yake.

Hapo ndipo vijana waliokuwa wakiandaa tamasha jipya la muziki wa New Orleans walipomkuta, mmoja wao akiwa Quint Davis. Walikuwa wakimtafuta, na baadhi ya watu waliowauliza walidhani amekwisha kufa. Mwaka 1971 wakampandisha jukwaani. Tamasha lilifanyika Congo Square, uwanja ambao zamani za utumwa watu weusi walikusanyika siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Alikuwa na miaka 52. Wanaosimulia siku hiyo wanasema mzee alipoanza kupiga, waliokuwa kwenye majukwaa mengine walisogea kuja kumsikiliza.

Miaka tisa ya mavuno

Tangu siku hiyo mpaka kifo chake ilikuwa karibu miaka tisa, na hakuipoteza. Mwaka 1973 alipiga kwenye tamasha la Montreux, Uswisi. Mwaka 1974 nyumba yake iliungua, na mwaka huohuo alirekodi "Rock 'n' Roll Gumbo", mojawapo ya kazi zake bora. Mwaka 1975 Paul McCartney, aliyekuwa mwanamuziki wa The Beatles, alimwalika kupiga kwenye sherehe yake ndani ya meli ya Queen Mary huko California.

Mwaka 1977 kundi la vijana waliompenda walichanga fedha zao na kufungua ukumbi New Orleans, lengo mojawapo likiwa mzee apate mahali pa kupiga. Waliuita Tipitina's, kwa jina la wimbo wake. Ukumbi huo upo mpaka leo, na anayeingia hupokewa na sanamu ya kichwa chake.

Mwisho wa mwaka 1979 alirekodi "Crawfish Fiesta". Dr. John, ambaye wakati huo alikuwa nyota wa piano, alikuja kwenye kazi hiyo akashika gitaa, ili kinanda abaki nacho mwalimu. Tarehe 30 Januari 1980, santuri ikiwa ndiyo kwanza inatoka, Fess alifariki usingizini akiwa na miaka 61. Alikuwa pia katikati ya kutengenezewa filamu pamoja na wapiga piano wawili, Tuts Washington aliyemtangulia na Allen Toussaint aliyemfuata. Walikuwa wamefanya mazoezi ya watu watatu kwa ajili ya onyesho. Onyesho halikufika. Filamu ikalazimika kumalizikia kwenye maziko.

Heshima kubwa zilikuja baadaye. Santuri iliyotokana na kanda zake za miaka ya mwanzo ya 1970 ilipata tuzo ya Grammy. Mwaka 1992 aliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa roki. Mwaka 2011 "Tipitina" iliwekwa katika orodha ya rekodi ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kwa vizazi vijavyo. Hayo yote hakuyaona.

Na sisi je?

Tulipokuwa tukiandaa makala hii, tulikumbuka jambo la hapa kituoni ambalo halitupi sifa. Kwa miaka kadhaa tulifungulia kipindi cha salamu kwa kipande cha wimbo wa zamani wa dansi, bila kuutaja jina wala bendi. Siku moja mzee mmoja alikuja kulipia tangazo la msiba. Akiwa amekaa mapokezi akisubiri risiti, kipindi kikaanza. Akatabasamu, akamwambia binti wa mapokezi, "Hilo gitaa la pili ni mimi." Tulimkaribisha studio, tukampa chai, tukamhoji. Lakini ilitubidi tukubali kwamba mkono wake ulikuwa umetufungulia kipindi mara mamia, na angeweza kupita getini kwetu kila siku bila mtu kumwambia shikamoo ya kumtambua.

Ndiyo maana tangu mwezi uliopita watangazaji wetu wameagizwa kutaja jina la mwimbaji, la bendi, na pale tunapolijua, la mpigaji. Tukisahau, tukumbusheni kwa ujumbe. Hatutakasirika.

Pa kuanzia

Kama una bando kidogo, usitafute video. Tafuta sauti tu, na uzisikilize kwa mpangilio huu:

1. "Tipitina" (1953). Fuata mkono wa kushoto, maneno yaache.
2. "Go to the Mardi Gras" (1959). Sikiliza mluzi na namna dramu zinavyotembea kama watu walio kwenye maandamano.
3. "Big Chief" (1964). Hesabu nane zako, uone zinakupeleka wapi.
4. "Crawfish Fiesta" (1980). Ukipenda tumba, anzia hapa.

Jumamosi hii, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tutapiga "Big Chief" mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza mtasikiliza. Mara ya pili mtapiga makofi pamoja nasi kwenye moja, nne na saba. Na kama katika kijiji chako yupo mzee au bibi aliyewahi kupiga chombo chochote kwenye bendi, tutumie jina lake na alichopiga. Tungependa kumfuata sisi, akiwa bado na nguvu ya kukishika.